Mwandani wa Uzazi: Mkono wa Kushikwa Usiku wa Uchungu



Ndugu msomaji, juma hili ukurasa wetu wa familia unazungumzia jambo ambalo hapana nyumba isiyolipitia, nalo ni namna tunavyomsindikiza mwanamke anapokwenda kujifungua. Tumelichagua kwa sababu ya kisa cha binti mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kwa ajili ya sitara yake hatutamtaja jina.

Katika mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika baada ya sala ya Magharibi. Mama mkwe wake akatia leso nne kikapuni, akajaza uji wa moto katika chupa ya chai, akamwita kijana wa tuktuk, wakaenda hospitali. Walipofika mlango wa wadi ya wazazi, binti aliingia, na mama mkwe akaambiwa angoje nje. Alikaa juu ya benchi mpaka adhana ya Alfajiri, uji ukampoa mkononi. Mle ndani wauguzi walikuwa wawili na wazazi walikuwa wengi. Kila mmoja alipimwa kwa zamu, kisha muuguzi akakimbilia kwa mwingine. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Lakini tulipokwenda kumpongeza katika arubaini yake, neno alilotwambia halikuhusu maumivu. Alisema maumivu ameyasahau. Asichoweza kukisahau ni kwamba aliita mama, mama, na hapakuwa na aliyeitika.

Neno hilo lilitukaa moyoni. Tukajiuliza: je, ilikuwaje hata sisi watu wa Pwani, ambao kwetu mwanamke hafi peke yake wala haolewi peke yake, tukafika mahali pa kumwacha azae peke yake?

Ada tuliyokuwa nayo

Wazee wetu, tangu Lamu hata Mombasa na Vanga, walikuwa na utaratibu wao. Binti alipovunja ungo alipewa somo, mwanamke mtu mzima mwenye staha na siri, amfunze tohara, usafi na mambo ya unyumba. Somo huyo hakuondoka siku ya harusi. Mara nyingi ndiye aliyeitwa mimba ilipoingia, na ndiye aliyekaa naye siku ya kuzaa. Chumbani walikuwamo watu wawili wenye kazi mbili. Mkunga alikaa miguuni, kumpokea mtoto. Somo, au mama, au khalati, alikaa kichwani, kumpokea mama. Huyu wa kichwani hakushika uzi wala wembe. Kazi yake ilikuwa kumfuta jasho mwenye uchungu, kumkanda kiuno, kumsomea dua, kumnywesha maji na kumwambia kila baada ya muda kwamba njia imebaki fupi.

Baada ya kuzaa zilifuata siku arubaini. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkanda, akapikiwa uji wa pilipili manga, mchuzi wa pweza na uwatu ili maziwa yashuke. Chumba kilifukizwa udi. Mzazi hakuinua ndoo wala hakusimama jikoni, kwani walikuwapo wa kumsimamia.

Hatusemi haya ili kuipamba ada hiyo kupita kiasi. Mapenzi ya somo hayakuweza kuizuia damu inayomwagika, wala dua ya khalati haikuwa badala ya dawa ya kifafa cha mimba. Wengi wetu tuna bibi au shangazi aliyefariki akizaa, na kaburi lake tunalijua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanamke anayefariki kwa sababu ya uzazi ni miongoni mwa mashahidi. Lakini daraja hiyo aliyopewa maiti si ruhusa kwa walio hai kufanya uzembe.

Tulichokipata na tulichokipoteza

Mwaka 2013 serikali ya Kenya iliondoa ada za kujifungua katika hospitali na zahanati za umma, na mabadiliko yake yameonekana. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 62 katika kila 100 walizalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imefika 89. Hii ni neema kubwa. Hospitali ndipo mahali pa kuzalia, na jarida hili halimshauri mtu yeyote kurudi nyuma.

Ila kuna jambo lilitupita kimyakimya. Uzazi ulipotoka nyumbani na kwenda hospitali, yule wa miguuni alipata badala yake: muuguzi mkunga mwenye elimu, vifaa na dawa. Yule wa kichwani hakupata badala. Yeye aliachwa nje kwenye benchi na chupa yake ya uji.

Tena upweke huo humfungulia mlango mwanamke kudharauliwa. Utafiti uliofanywa hapa Kenya chini ya mradi ulioitwa Heshima, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwauliza wanawake 641 waliojifungua katika vituo 13 vya afya. Mmoja katika kila watano alisema alivunjiwa heshima kwa namna moja au nyingine. Hatuwalaumu wauguzi kwa jumla. Wengi wao ni dada zetu, wanafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Lakini mwanamke aliye na mtu wake pembeni hazungumzwi kama asiye na mtu, na jambo hili kila mmoja wetu analijua.

Aliyeliwazwa chini ya mtende

Kwa Muislamu, suala la kuwa na mwandani wakati wa uzazi halikuanza leo. Katika Sura Maryam, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametusimulia habari za Bibi Maryam (A.S.) alipobanwa na uchungu hata akaliendea shina la mtende. Alikuwa peke yake, mbali na watu wake, na dhiki ilimfikisha mahali pa kutamani lau angalikwisha kufa na kusahauliwa kabla ya siku ile. Tazama alivyojibiwa. Hakukemewa kwa kusema vile, wala hakuambiwa kwamba wanawake wote huzaa kwa hiyo anyamaze. Sauti ilimjia kutoka chini yake, ikamwambia asihuzunike. Akaonyeshwa kijito cha maji. Akaambiwa alitikise shina, tende mbivu zimwangukie. Ale, anywe na jicho lake litulie. Kisha akapewa hata la kuwaambia watu atakaokutana nao, ili asibebe mzigo wa kujieleza katika hali ile.

Yakusanye hayo, nawe utaona ndiyo kazi ya mwandani wa uzazi: neno la kutuliza, maji, chakula chepesi, harakati ya mwili, na kinga dhidi ya maneno ya watu.

Historia ya sira nayo imemhifadhi jina Bibi Salma, mke wa Abu Rafi', aliyekuwa mkunga katika nyumba ya Mtume (S.A.W.). Ndiye aliyempokea Ibrahim alipozaliwa na Bibi Mariya. Kazi ya kumhudumia mzazi haikuwa kazi duni mbele ya Mtume, basi isiwe duni mbele yetu.

Dula ni nani?

Miaka ya karibuni limeingia neno geni masikioni mwetu, *dula*. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ya kale ni mtumishi wa kike. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, ndiye aliyelitumia katika miaka ya 1970 kumwelezea mwanamke anayemsaidia mama mwenzake wakati wa uzazi na unyonyeshaji. Leo katika nchi nyingi, na Nairobi pia, wako wanawake wanaosomea kazi hiyo na kulipwa kwayo. Sisi tutamwita mwandani wa uzazi.

Kilichowafanya madaktari wamtazame mwandani kwa jicho la heshima ni utafiti uliofanywa nchini Guatemala na kuchapishwa mwaka 1980. Katika hospitali moja ya huko, wazazi walikuwa wakiingia chumba cha uzazi bila jamaa, kama binti wa kisa chetu. Watafiti wakawagawa wanawake kwa kura. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Katika kundi la pili, kila mama aliwekewa mwanamke wa kukaa naye tangu kuingia mpaka kuzaa. Mwanamke huyo hakuwa muuguzi, na wala hawakuwa wakijuana. Alimshika mkono, akamsugua mgongo, akazungumza naye, basi. Miongoni mwa wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, waliokuwa peke yao walichukua wastani wa saa 19.3 tangu kulazwa hadi kujifungua. Waliokuwa na mwandani walichukua saa 8.7. Na baada ya kuzaa, hawa wa pili walikuwa macho zaidi, wakawapapasa watoto wao, wakawachekea na kuzungumza nao zaidi.

Tangu hapo tafiti zimefuatana. Mwaka 2017, mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yaliyohusisha zaidi ya wanawake 15,000. Natija yake ni kwamba wanawake waliopata mtu wa kukaa nao muda wote walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida. Walipungukiwa na haja ya upasuaji na dawa za maumivu, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na ni wachache zaidi kati yao waliotoka na kumbukumbu mbaya. Madhara hayakuonekana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba kila mwanamke awe na mwandani anayemchagua mwenyewe, katika muda wote wa uchungu na kujifungua.

Sababu yake si uchawi. Tumbo la uzazi hukazana kwa amri ya homoni iitwayo oksitosini. Mwanamke akiingiwa na hofu, mwili hutoa adrenalini, ile ile inayotufanya tukimbie mbele ya hatari, na hiyo huweza kuuvuruga mwendo wa uchungu. Akitulia, mwili huendelea na kazi yake. Wazee wetu hawakuijua oksitosini kwa jina, lakini walijua kwamba mwenye uchungu hapigiwi kelele.

Afanyacho na asichofanya

Mpaka huu ni lazima ueleweke. Mwandani wa uzazi si mkunga. Hampimi mama njia ya uzazi, hampokei mtoto, hatoi dawa, wala hamzuilii mama asipokee matibabu. Akijiona anajua kuliko daktari, amegeuka hatari.

Kazi yake huanza katika mimba. Humkumbusha mama kliniki, kwani Shirika la Afya Duniani limependekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane. Hukisoma pamoja naye kijitabu cha Mama na Mtoto. Humuuliza mambo ambayo binti huona haya kumuuliza mtu mwingine. Huhakikisha amesajiliwa SHA mapema, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 mfumo wa NHIF uliondolewa, na si vyema mtu kuhangaikia usajili usiku wa uchungu.

Uchungu ukianza, humsaidia kutembea, kuinama, kubadilisha mkao na kuvuta pumzi taratibu. Humkanda sehemu ya chini ya mgongo kwa kiganja. Humpa maji na vitu vyepesi iwapo wahudumu hawakukataza. Humsomea dua na kumkumbusha kwamba kila uchungu mmoja ukipita hauna marejeo. Muuguzi akisema jambo la kitaalamu, humweleza mama kwa lugha ya nyumbani. Mama akitaka kuuliza na sauti imemkauka, humuulizia kwa adabu.

Mtoto akizaliwa, humsaidia mama kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, yasimwagwe kamwe, kwa kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Anayemfanyia mtoto tahniki atosheke na tende iliyolainishwa kabisa, kiasi kidogo mno, kwa mikono safi. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda.

Tukitaja tende, wengi hutuuliza kama zinafaa kwa mja mzito. Utafiti mdogo uliofanywa Jordan na kuchapishwa mwaka 2011 ulilinganisha wanawake 69 waliokula tende sita kila siku katika majuma manne ya mwisho, na wengine 45 ambao hawakula. Waliokula walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi. Mwenye kisukari cha mimba amuulize daktari kwanza.

Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu tunazikataza waziwazi. Hakuna ajuaye kipimo chake, na tumbo linaloshurutishwa kupita kiasi laweza kupasuka.

Sitara, sala na idhini

Jambo la kwanza ni aura. Mwandani wa kike ni sitara kwa mwanamke. Yeye ndiye wa kumvuta leso inapoteleza, wa kuomba pazia lifungwe, na wa kuuliza kwa upole kama yuko muuguzi wa kike. Asipopatikana na haja ipo, sheria yetu imeruhusu tabibu wa kiume, na uhai hauchezewi kwa kungojea.

La pili ni mume. Mume ni halali kwa mkewe, na hospitali ikiruhusu na mke akitaka, hapana aibu kuwa naye. Tunajua wapo wanaume wa mitaa yetu watakaocheka maneno haya. Tunawakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia wakeze nyumbani.

La tatu ni sala. Uchungu peke yake hauondoi faradhi. Nifasi huanza mtoto anapotoka, na mwenye uchungu husali kwa kadiri awezavyo, ameketi au ameegemea. Mas'ala ya damu itokayo kabla ya mtoto yana upambanuzi wake, basi amuulize mwanachuoni mapema. Na damu ya nifasi ikikatika kabla ya siku arubaini, mwanamke huoga na kusali. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Pwani, arubaini ni kawaida tu, na mwisho wa nifasi ni siku sitini.

La nne ni idhini ya mzazi mwenyewe, na hapa tutasema kweli ingawa inauma. Mara nyingi sisi wakubwa ndio tunaoamua nani aingie. Mama mkwe huona ni haki yake, mama mzazi huona ni haki yake, na binti hunyamaza kwa heshima. Mwandani ni wa mwenye uchungu. Huenda akamtaka dada yake, au jirani, au somo wake. Mama mkwe mwenye hekima humuuliza mapema, faraghani: "Mwanangu, siku yako ikifika, ungependa akae nawe nani?" Kisha hukubali jibu bila kununa. Na yeyote atakayeingia, alichokiona na kukisikia mle chumbani hakitoki. Mwanamke akipiga kelele, akilia, au akisema neno la hasira juu ya mumewe, liishie pale pale. Anayeyapeleka hayo barazani amevunja amana.

Jicho la tahadhari

Turudi kwa binti wetu. Miaka mitatu baadaye alibeba mimba ya pili. Safari hii familia haikungoja usiku ufike. Mimba ilipokuwa na miezi saba, mama mkwe wake alikwenda naye kliniki, akamuuliza muuguzi msimamizi kwa adabu kama mtu mmoja wa kike angeruhusiwa kukaa na mzazi. Akajibiwa kwamba yawezekana, mradi awe mmoja, awe msafi, afuate maagizo na asiwasumbue wengine. Binti akamchagua khalati yake.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kike, na kila mtu akafurahi. Muuguzi akaenda kumpokea mzazi mwingine aliyekuwa akisukuma. Khalati alikuwa akimpepea binti, akaona amekuwa kimya na midomo imepauka. Akaitazama leso aliyomtandikia. Ilikuwa imelowa damu, na ya chini yake pia. Hakungoja, wala hakusema ni uchovu tu. Alimwita muuguzi kwa sauti, na muuguzi akaja mbio, akalisugua tumbo la uzazi mpaka likakaza, akapiga sindano, akaweka maji ya mshipani na kumwita daktari. Damu ikasimama. Baadaye muuguzi alimwambia khalati, "Mama, umefanya vyema kuniita mapema."

Kutokwa na damu baada ya kuzaa ni katika sababu kubwa kabisa zinazowaua wazazi, hapa kwetu na duniani, na damu hiyo haitoi muda mrefu. Khalati hakutibu chochote. Alikuwapo, akaona, akaita.

Kwa hiyo kila mwandani, na kila mume, azijue dalili hizi za kumkimbiza mama hospitali:

- damu wakati wowote wa mimba, au nyingi baada ya kuzaa;
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au degedege;
- homa kali, au uchafu wenye harufu mbaya kutoka ukeni;
- mtoto kupunguza kucheza tumboni;
- chupa kupasuka kabla ya uchungu kuanza;
- uchungu kupita saa 12 bila mtoto kuzaliwa.

Na katika arubaini yenyewe kuna ugonjwa ambao hauonekani kwa jicho. Mzazi kulia siku chache za mwanzo ni kawaida. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, asipolala hata mtoto akilala, asipomtaka mtoto, au akianza kusikia na kuona vitu visivyokuwapo, huo ni ugonjwa wenye tiba. Tusikimbilie kusema ni jini au ni tabia mbaya. Ruqya ya Qur'ani ni kheri, na hospitali ni kheri, wala moja haliikatazi nyingine. Vilevile aliyezaa kwa upasuaji asikandwe tumbo kwa maji ya moto wala kufungwa mkanda kwa nguvu mpaka daktari aseme kidonda kimepona.

La kufanya tangu leo

Nyumba yenye mja mzito ifanye mambo matano kabla ya mwezi wa nane. Amchague mwandani, na wa pili endapo wa kwanza atasafiri au kuugua. Iulizwe hospitali utaratibu wake, kwani kila moja ina wake. Iandaliwe namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku, na kwa ndugu zetu wa visiwani, nahodha wa boti. Wajulikane watu wawili wa kutoa damu ikihitajika. Na mume aache idhini yake ya matibabu na upasuaji mapema, ili mke asingojee simu ya mtu aliye safarini huku uhai unapungua.

Vikundi vyetu vya akina mama, madrasa za wanawake na kamati za misikiti vina nafasi yao pia. Yako mabibi wengi waliokuwa wakunga wa jadi. Tusiwatupe, tena tusiwaachie kuzalisha. Wapewe mafunzo na wauguzi wa zahanati ya karibu juu ya usafi na dalili za hatari, wawe waandani wa mabinti wasio na mama, wageni walioolewa mbali na kwao, na wajane. Na viongozi wetu wakikutana na wasimamizi wa hospitali za kaunti, waombe jambo dogo lenye faida kubwa: mapazia baina ya vitanda. Mara nyingi mwandani huzuiliwa mlangoni kwa sababu chumba hakina sitara kwa wazazi wengine. Gharama ya pazia, jamii iliyochangia mazulia ya msikiti haishindwi nayo. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, imetupa haki ya huduma bora za afya, za uzazi zikiwamo. Kuidai haki hiyo kwa adabu si utovu wa shukrani.

Binti wetu sasa ana watoto wawili. Juma lililopita tulimkuta kwake akitia leso kikapuni. Tulipomuuliza safari ya wapi, alisema wifi yake amekaribia, naye ndiye aliyechaguliwa kukaa kichwani.

Mwenyezi Mungu awawepesishie waja wazito wote, awarehemu waliotangulia wakizaa, na ajaalie kila aitaye usiku ule apate wa kumuitika. Amin.